Hewa Kabla Haijavutwa

Nchi hii haimo kwenye ramani, na wananchi wake ukiwauliza watakana kwamba wanaishi humo. Kwa hiyo tunaweza kuizungumzia bila woga.

Siku ya gwaride la uhuru, Rais wa nchi hiyo alivaa suti nyeupe. Ilikuwa suti nzuri, imeshonwa ng'ambo kwa sababu mafundi cherehani wa nyumbani walionekana hawana uzalendo wa kutosha. Mbele ya jukwaa ikapita pikapu ya dizeli iliyobeba spika za muziki. Dereva akabadilisha gia, bomba likakohoa mara moja, na suti ikawa na rangi ya chungu cha maharage.

Wananchi walikuwa wameuvuta moshi ule ule asubuhi na jioni tangu wazaliwe, wala serikali haikuwahi kusikia kwamba upo. Sasa ulikuwa umefika kwenye suti. Wiki hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Hewa, na Wizara ikatoa Kanuni za Moshi wa Dizeli kwa Magari Madogo na Pikapu. Malori hayakutajwa. Kamati iliyotunga kanuni ilikuwa ya wenye malori, nao walisema kwa unyenyekevu kwamba si adabu mtu kujitungia sheria mwenyewe.

Namna ya kupima ilitokana na ajali yenyewe. Kitambaa cheupe, kilichokatwa kwenye jora moja na ile suti, kilifungwa mdomoni mwa bomba la moshi, kisha dereva akakanyaga mafuta. Kitambaa kikitoka na rangi ya njiwa, gari limefaulu. Kikitoka na rangi ya punda, gari lirudi kwa fundi. Kikiwa cheusi, linakamatwa. Saa za kupimia muda ziliagizwa zikapotea bandarini, basi Wizara ikaamua muda upimwe kwa wimbo wa taifa: ubeti wa kwanza ukiisha, kitambaa kinafunguliwa.

Uamuzi huo ulipigiwa makofi bungeni. Hakuna aliyekumbuka kwamba katika nchi hiyo wimbo wa taifa ukiimbwa, kila mtu husimama wima, mkono kifuani, wala hasogei. Injini nayo haizimwi, maana kuzima injini katikati ya wimbo ni kuukatiza, na kuukatiza ni kosa la jinai. Gari moja likimaliza kupimwa, jingine linaingia na wimbo unaanza upya. Kwa hiyo foleni nzima, kuanzia geti la kituo cha upimaji hadi ng'ambo ya soko, ilishinda ikinguruma pale pale, na madereva wamesimama kando ya magari yao kama sanamu, wakiipenda nchi.

Kwaya iliajiriwa. Ilikuwa na sauti zote nne. Baada ya mwezi mmoja, kwaya nzima ilikuwa ikiimba besi.

*

Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyezifurahia kanuni hizo kwa dhati. Aliitwa Zamoyoni, mwenye duka la mikate na pikapu ya kuisambazia, mwanamke asiye na subira na watu wanaozunguka maneno. Alikuwa na binti wa miaka minane, Nuzla, mwenye pumu. Kifua cha Nuzla kilikuwa kikipiga filimbi kila gari bovu lilipopita, na Zamoyoni alikuwa amechoka kuisikia filimbi ile.

Aliposikia redioni kwamba moshi umepigwa marufuku, aliacha kinyunya mezani akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Isafishe yote," alisema. "Nozeli, pampu, chujio. Kibovu kitoe."

"Mama Nuzla, kupita kipimo hakuhitaji yote hayo," fundi akamwambia. "Wenzako wanaziba bomba kwa gunia lililolowa."

"Mwanangu havuti hewa ya gunia."

Fundi akacheka, lakini akafanya kazi. Pikapu ikatoka gereji inaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na nyuma yake hapakuonekana kitu.

Mtaani walimcheka kuliko fundi. Aliyemcheka zaidi ni Kitwana, mdogo wa mumewe, ambaye siku hizo alikuwa amefungua biashara nje ya geti la kituo. Alikuwa na bomba moja la moshi, jipya, linang'aa. Alilifunga kwenye gari lolote dakika ya mwisho, gari likapimwa, kisha akalifungua akalifunga kwenye gari lililofuata.

"Shem, ungeniambia mimi," Kitwana alisema. "Umebadilisha injini nzima wakati serikali inapima bomba tu!"

"Na wewe unaona raha?"

"Mimi naona kanuni, shem. Raha naona jioni."

*

Kituo chenyewe kilijengwa mbele ya nyumba ya Zamoyoni. Kiwanja kilikuwa cha shemeji wa Waziri wa Hewa, na wataalamu walioagizwa kutafuta mahali panapofaa walitembea nchi nzima kabla ya kugundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba mahali panapofaa ni pale.

Moshi ambao zamani ulipita njia, sasa ukawa na anwani. Uliingia dirishani pamoja na wimbo. Zamoyoni alitundika mashuka yaliyoloweshwa kwenye madirisha, yakawa meusi. Aliziba nyufa za mlango kwa matambara. Nuzla aliacha kucheza nje, kisha akaacha kucheza ndani, kisha akawa anakaa ameegemea mto, mabega yakipanda na kushuka.

Daktari alimpima akasema, "Huyu mtoto umweke mbali na moshi wa magari."

"Nimweke wapi? Nilipo ndipo palipoletwa kanuni ya kuzuia moshi."

Daktari alitazama mlango kama umefungwa vizuri. "Mama, mimi ni mtumishi wa umma," akasema, akamwandikia dawa ya kuvuta.

Zamoyoni akajipa moyo. Alisema, mwanzo ni mgumu. Magari mabovu yakishakamatwa yote, foleni itaisha. Akaipeleka pikapu yake kupimwa.

Kwaya ikaimba. Yeye akakanyaga mafuta hadi chini. Ubeti ukaisha, na Afisa Mpimaji, Bwana Shomvi, akafungua kitambaa. Kilikuwa cheupe kama kilivyofungwa.

Bwana Shomvi alikigeuza huku na huku. Alikinusa. Akainama akachungulia ndani ya bomba.

"Mama, gari lako halitoi moshi."

"Ndiyo."

"Basi haliwaki."

"Si unalisikia hilo?"

"Kanuni haina masikio, mama. Kanuni ina rangi. Ipo rangi ya njiwa, ipo ya punda, ipo nyeusi. Nyeupe ni rangi ya suti ya Mheshimiwa Rais. Unataka niandike kwamba bomba la pikapu ya mikate limelingana na Mheshimiwa Rais?"

"Andika kwamba ni safi."

"Safi haipo." Alikikunja kile kitambaa kwa uangalifu. "Hiki kitahesabiwa hakijatumika na kitarudi stoo. Wewe hujapimwa. Nenda, uje na moshi kidogo."

Nje ya geti, Kitwana alikuwa amesikia yote. "Shem, usihuzunike. Ninalo bomba la zamani la jirani, chafu la kutosha. Wewe ni ndugu, nitakufungia bure."

Zamoyoni alimtazama tu. Kitwana akakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili wa barabara.

*

Siku ambayo Nuzla alizidiwa ilikuwa ya jua kali, saa za adhuhuri, na dawa ya kuvuta ilikuwa haimsaidii tena. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Zamoyoni alimbeba hadi kwenye pikapu, akawasha, akafika getini kwake, akakuta foleni imeziba njia.

"Nipisheni! Mtoto hapumui!"

Madereva walimsikia. Macho yao yaligeuka, shingo hazikugeuka. Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti.

Askari wa kituo akaja mbio, naye akikimbia huku mkono uko kifuani. "Mama, shuka usimame wima!"

"Wewe una mtoto?"

"Ninao, mama. Shuka usimame wima."

Ubeti ukaisha. Kabla dereva hata mmoja hajagusa mlango, gari jingine lilikuwa limeshaingia na kwaya imeshavuta pumzi. Wimbo ukaanza tena. Zamoyoni alipiga honi mfululizo, akatukana, na matusi yake yalikuwa ya watu wazima. Kwenye kiti cha pembeni, Nuzla alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya jiwe.

Mzee mmoja mwenye pikapu ya matikiti, iliyokuwa imeziba kabisa geti la Zamoyoni, alimtazama mtoto. Alimtazama askari. Kisha, mkono wa kulia ukiwa bado umebanwa kifuani kwa heshima zote, akapanda kwenye gari lake na kulirudisha nyuma kwa mkono wa kushoto, matikiti yakidondoka na kupasuka barabarani.

Zamoyoni akapita. Hospitali walimpa Nuzla hewa ya mtungi, akarudiwa na rangi yake. Mzee wa matikiti alilala rumande kwa kosa la kurudi nyuma wakati taifa linakwenda mbele.

*

Kesho yake Zamoyoni alimshika Nuzla mkono akaenda naye Wizara ya Hewa. Alipokewa na Kamishna wa Moshi, Daktari Mhandisi Lugongo, mtu mwenye tabasamu laini na madirisha yaliyofungwa. Ofisi ilikuwa na baridi tamu. Nje ya dirisha, jenereta la dizeli lililokuwa likiendesha ubaridi huo lilikuwa likitoa moshi mweusi juu ya vichwa vya wauza karanga.

"Sina mengi," Zamoyoni alisema. "Foleni ya kupima moshi inamuua mwanangu. Waambieni wazime injini wanaposubiri. Basi."

Kamishna alifumba macho, kama mtu anayesikia kinanda mbali.

"Mama yangu, nchi yetu iko katika safari. Tulipoanza, tulipima kwa ubeti mmoja. Wataalamu wa ng'ambo wakatuuliza: je, mnakaza kanuni? Nasi tukajibu kwa vitendo. Tumekaza! Kuanzia juma lililopita tunapima kwa beti tatu. Waziri mwenyewe atakuja kituoni kwenu kuzindua ubeti wa nne. Nchi gani ya jirani inapima kwa beti nne?"

"Beti nne maana yake gari linanguruma mara nne zaidi."

"Hasa! Umeelewa haraka kuliko wabunge."

Hapo Nuzla akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu na kikavu, na kilipoisha alibaki ameshika ukingo wa meza ya Kamishna kwa vidole vyote. Kamishna alisogeza kikombe chake cha chai.

"Pole, binti. Huyu amepelekwa Wizara ya Afya?"

"Nimemleta kwako. Wewe ndiye mwenye hewa."

"Hapana, hapana, mama, tuelewane mipaka." Kamishna aliinua kidole. "Wizara hii inashughulikia hewa kabla haijavutwa. Ikishaingia puani, si yetu tena. Mapafu yapo jengo la pili, ghorofa ya juu kabisa. Siku hizi lifti haifanyi kazi."

"Na ikitoka puani?"

Kamishna aliwaza. Lilikuwa swali zuri, akaahidi kuliundia kamati.

Kwenye ngazi Nuzla aliuliza, "Mama, yule baba ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa," Zamoyoni akajibu. "Ndiyo tabu yenyewe."

*

Waziri wa Hewa alikuja na msafara wa mashangingi ya dizeli, yote yakaachwa yakiunguruma ili viti visipate joto. Wakuu wa idara walivaa suti nyeupe. Wapiga picha walikuwa tayari. Ilipangwa kwamba gari la Waziri lipimwe la kwanza, kwa beti nne, liwe mfano kwa taifa.

Kamishna Lugongo hakuwa mjinga wa kila kitu. Alijua lile shangingi lilivyo. Asubuhi ile alikuwa amemtuma mtu kwa Kitwana, na bomba jipya linalong'aa likafungwa kwenye gari la Waziri. Ambacho Kamishna hakukifikiria, na Kitwana hakuona sababu ya kukisema, ni kwamba bomba lile lilikuwa limeshavaliwa na kila gari bovu la mji. Nje liling'aa kwa sababu Kitwana alilisugua kila siku. Ndani lilikuwa na masizi ya nchi nzima.

Zamoyoni alikuwa amesimama getini kwake, Nuzla mgongoni, khanga iliyolowa imefunika pua ya mtoto. Alikuwa amekuja kutukana. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri wakati anakanda unga, na yalikuwa mazuri.

Kitambaa kikafungwa. Waziri akasimama nyuma ya gari lake, hatua moja kutoka kwenye bomba, ili picha ipate vyote viwili. Kwaya ikaanza kwa besi. Dereva akakanyaga.

Likatoka wingu ambalo watu wa mtaa ule, wenye uzoefu, hawakuwahi kuliona. Kitambaa kilikuwa cheusi kabla ya mstari wa pili, na moshi ukapita pembeni ukamfunika Waziri. Waziri hakuweza kusogea. Wimbo ulikuwa unaimbwa. Kamishna hakuweza kumvuta, naye alikuwa amesimama wima. Walinzi wake, watu hodari waliofunzwa kumkinga na risasi, walimtazama akitoweka, mikono vifuani. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Wa nne ulikuwa mgeni kwa kila mtu na kwaya ikapotea njiani, ikabidi urudiwe.

Moshi ulipotawanyika, suti ya Waziri ilikuwa ya rangi ya chungu cha maharage, na Bwana Shomvi alikuwa ameshika mkononi kitu cheusi kinachodondosha masizi.

Kanuni ilikuwa wazi: kikiwa cheusi, gari linakamatwa. Bwana Shomvi alitazama kitambaa, akamtazama Waziri, akakificha kitambaa mgongoni.

"Labda..." Kamishna alisema, "labda tumsikie mwananchi." Alikuwapo mwananchi aliyeandaliwa kusifu, amefundishwa vizuri, lakini alikuwa ameinama kwenye mtaro akikohoa. Macho ya Kamishna yakahangaika, yakatua kwenye uso mmoja alioufahamu. "Mama! Mama wa mikate! Wewe ni mpenda hewa. Una neno?"

Zamoyoni alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angemwambia Waziri ukweli wote mbele ya kamera. Watu wangeshangilia, yeye angepelekwa alikolala mzee wa matikiti, na foleni ingebaki pale pale. Mgongoni alisikia mbavu za Nuzla zikipanda na kushuka, filimbi ndogo, filimbi ndogo. Akalimeza lile neno. Halikuwa jepesi kumeza.

"Mheshimiwa," alisema, "gari lako halina kosa. Kosa ni la kitambaa."

Waziri alifuta jicho moja. "Endelea, mama."

"Kitambaa cheupe ni kichochezi. Chochote kikikigusa, kinapiga kelele. Tumieni cheusi."

Kwenye foleni mtu akachekea puani, akanyamaza. Kamishna alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali.

"Kitambaa cheusi!" Waziri akasema taratibu, kama anaonja asali. "Hakiwezi kusema uongo."

"Hakiwezi kusema chochote, Mheshimiwa. Ila kuna jambo moja la mila." Zamoyoni aliinamisha kichwa, maana macho yake yangemsaliti. "Kitambaa cheusi ni cha msiba. Penye msiba hatuwashi injini wala hatuimbi. Ikionekana serikali inangurumisha magari mbele ya kitambaa cha msiba, watu watasema haina adabu. Kikitundikwa hapo getini, itabidi foleni yote izime magari, na kila gari lipimwe kimya."

"Limezimwa?"

"Limezimwa. Ndiyo heshima."

Waziri aliwageukia wapiga picha, uso mweusi, meno meupe. "Ndugu wananchi! Leo nimekuja kuzindua ubeti wa nne. Lakini serikali sikivu haiogopi kusonga mbele zaidi. Ninatangaza kanuni kali kuliko zote duniani: kuanzia sasa, gari lolote litakaloonekana linatoa hata chembe ya moshi wakati wa kupimwa, halitafaulu!"

Makofi. Bwana Shomvi alipiga makofi huku analia. Injini zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, kuanzia getini hadi ng'ambo ya soko. Zamoyoni alisikia kitu ambacho alikuwa amekisahau: kuku wa jirani.

*

Kanuni mpya ilifanya maajabu. Hakuna gari lililoanguka. Wageni wa ng'ambo walisoma matokeo wakaandika kwamba nchi hiyo haina moshi, na Waziri akaalikwa kwenda kueleza siri. Kamishna alipandishwa cheo. Kitwana alifilisika, akalalamika kwamba serikali inaua wajasiriamali wadogo.

Nuzla alianza kucheza ndani. Kisha akatoka kibarazani. Siku moja mama yake alimkuta anaruka kamba mbele ya foleni, madereva wamekaa juu ya boneti zao, kimya, wakimhesabia.

Zamoyoni naye akaipeleka pikapu kupimwa, Nuzla kiti cha pembeni. Walipofika mbele alitoa ufunguo. Bwana Shomvi alifunga kitambaa cheusi kwenye bomba baridi, akasubiri kwa heshima kama mtu aliyekwenda kuzika, akakifungua.

"Mama, gari lako halitoi moshi."

"Ndiyo."

"Hongera. Kama mengine yote."

Akabandika stika kwenye kioo. Mbele yao, magari yaliyofaulu kabla yao yalikuwa yanasukumwa na madereva wake hadi pale kitambaa cha msiba cha getini kisipoonekana tena, kwenye kona. Kila lililofika konani liliwashwa. Kuanzia hapo barabara haikuonekana tena; lilionekana wingu, na ndani ya wingu taa nyekundu zikiwaka na kuzimika.

Zamoyoni alikipandisha kioo cha upande wake, akanyoosha mkono akapandisha cha Nuzla.

"Vuta pumzi za kutosha, mwanangu," alisema. "Pale kwenye kona ndipo nchi inapoanza."